Kumpumzisha Si Kumtupa

Akina mama wenzangu, kuna swali ambalo kila mlezi hukutana nalo: mtoto uliyempa kazi akishindwa, na akashindwa tena mbele za watu, je, umwache aendelee mpaka ajue, au umwondoe umweke mtu mzima aliyeizoea? Mimi swali hili lilinijia kwa njia nisiyoitazamia, yaani katika habari za mpira.

Kijana wetu wa pili anasoma Marekani, katika jimbo la North Carolina. Mwezi wa Septemba 2024 alitupigia simu, na badala ya kutueleza masomo akatueleza juu ya timu ya mji wa Charlotte iitwayo Carolina Panthers. Mpira wao si huu wetu wa miguu. Ni ule wenye umbo la yai, unaorushwa kwa mikono, na karibu kila shambulio huanzia kwa mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye hupokea mpira, na kwa sekunde mbili tatu huamua amrushie nani, huku wanaume wenye miili mikubwa wakimjia mbio ili wamwangushe. Akikosea yeye, timu nzima imekosea.

Kwotabeki wao alikuwa Bryce Young. Mwaka 2021, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, alipata tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2023 Panthers walimchagua wa kwanza kabisa kati ya vijana wote, na ili kuipata nafasi hiyo waliwapa Chicago Bears mchezaji wao mzuri, D.J. Moore, pamoja na zamu zao kadhaa za kuchagua vijana wengine. Mzigo wote huo wa matumaini alitwishwa kijana wa miaka 21. Msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 62, na katika michezo 16 aliyoanza timu ilishinda 2 tu. Msimu wa 2024 ulipoanza, chini ya kocha mpya Dave Canales, walishindwa 47 kwa 10, kisha 26 kwa 3. Ndipo Canales akamkalisha benchi, akamweka Andy Dalton, mkongwe wa miaka 36.

"Mama, wewe ungemkalisha?" mwanangu aliniuliza. Baba yake, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alijibu kabla yangu: "Mara moja!" Mimi nilisema nataka kufikiri kwanza.

Wanaosema aachwe wana hoja. Peyton Manning, katika msimu wake wa kwanza mwaka 1998, alirusha mipira 28 ikadakwa na wapinzani, na timu yake ya Indianapolis Colts ilishinda michezo 3 tu kati ya 16. Hawakumkalisha, naye akaja kuwa mmoja wa makwotabeki wakubwa wa mchezo huo. Wanaosema akalishwe nao wana hoja. Patrick Mahomes alikaa karibu msimu mzima wa 2017 nyuma ya Alex Smith huko Kansas City, akitazama na kujifunza, na msimu uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi. Basi hakuna kanuni moja inayomfaa kila kijana.

Mimi naona jambo la kuchunguza ni hili: kijana anayekosea anajifunza, au anaogopa? Anayejifunza atakosea hivi leo na kesho atakosea vingine. Anayeogopa hurudia kosa lile lile, na kila hatua anangoja kuangushwa. Wa kwanza mwache kazini hata kama inakugharimu. Wa pili ukimwacha, humfundishi kazi tena, unamzoeza kushindwa. Tena hayuko peke yake; kuna wenzake wanaotoa jasho pamoja naye, kama vile nyumbani kuna watoto wengine wanaokula kwenye sinia lile lile.

Jambo hili tulilipitia katika duka letu. Mzaliwa wetu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne tulimkabidhi duka la rejareja. Ni mpole, na kukataa kulimshinda. Baada ya miezi michache daftari la madeni lilijaa, sukari na mafuta ya kula vikawa vinaisha bila fedha ya kununulia vingine, na karo ya wadogo zake ilitegemea duka hilo hilo. Mwanzoni alikuwa akituuliza maswali. Baadaye akaacha kuuliza, akawa anaficha daftari. Hapo ndipo tulipomwita shangazi yake, aliyeuza duka miaka mingi, aje kushika fedha. Kijana hatukumfukuza. Alibaki pale pale akipima na kuandika, akimsikia shangazi akimkatalia mkopaji bila kumvunjia heshima. Siku ya kwanza alilia, maana majirani waliuliza. Baada ya miezi minane tulimrudishia ufunguo. Hata leo zipo siku anamkopesha asiyelipa, lakini daftari liko wazi mezani.

Hata kanisa la kwanza liliona ugomvi juu ya jambo hili. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, huko Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa Barnaba alitaka kijana achukuliwe tena, Paulo akakataa. Walishindana mpaka wakatengana. Paulo alikuwa na kazi ya kulinda, Barnaba alikuwa na kijana wa kulinda, akamchukua wakaenda Kipro. Na miaka mingi baadaye, akiwa kifungoni, Paulo yule yule alimwagiza Timotheo amlete Marko, kwa kuwa alimfaa katika utumishi. Aliyekataliwa aliitwa tena, kwa sababu katikati yupo mtu aliyekaa naye.

Na kule Charlotte? Dalton alishinda mchezo wake wa kwanza 36 kwa 22, lakini minne iliyofuata alishindwa yote. Mtu mzima naye ana mipaka yake. Oktoba 22 alipata ajali ya gari akiwa na familia yake, akaumia kidole gumba. Young akarudi uwanjani. Alishindwa mchezo wa kwanza, kisha Novemba akashinda 2 mfululizo, wa pili ukichezwa Munich, Ujerumani. Msimu aliufunga kwa kuwashinda Atlanta Falcons 44 kwa 38. Timu ilishinda michezo 5 tu kati ya 17, lakini aliyerudi alirusha mpira kama mtu aliyepona hofu.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukilazimika kumwondoa mtoto katika kazi, mwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa majirani. Mweke karibu na kazi ile. Mchagulie mtu mzima asiyefurahia kuanguka kwake, na mwonyeshe mapema mlango wa kurudi. Bila mambo hayo hujampumzisha, umemtupa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bwana atupe macho ya kumjua mtoto aliyechoka, na moyo wa kumngoja mpaka apate nguvu tena.