Mjomba, hii ndiyo sababu nilinunua kipima umbali

Poleni kwa kimya changu. Novemba huku Minnesota ni mwezi wa baridi na mawindo, na saa ambazo siko kazini niko msituni. Wiki jana mjomba alinipigia simu kutoka Mwingi. Hata salamu hazijaisha, akaniuliza: "Mpwa wangu, ni kweli umenunua mashine ya kukwambia mnyama yuko mbali kiasi gani? Hizo pesa si ungenunua mbuzi watatu?"

Nilicheka, lakini nikamwahidi jibu la maana. Mjomba, jibu lenyewe ndilo hili, na wengine mkisoma si vibaya.

Kwa wasiojua, kuwinda kulungu kwa upinde ni halali huku ukiwa na leseni. Msimu unaanza katikati ya Septemba na kuisha Desemba 31. Unapanda kwenye kiti kilichofungwa juu ya mti, unatulia, unangoja. Pinde za siku hizi zina pini ndogo za kulengea: moja ya yadi 20, nyingine ya 30, nyingine ya 40. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Mshale si risasi, unashuka upesi. Kwa upinde wangu, nikidhani mnyama yuko yadi 30 kumbe yuko 37, mshale utapita kama sentimita 15 chini ya pale nilipolenga.

Hizo sentimita 15 nazijua vizuri sana. Mwaka 2022 nilikuwa na kipima umbali cha bei rahisi, dola 70. Unakitazama kwa jicho moja kama darubini, unabonyeza kitufe, kinatuma mwali wa leza usioonekana. Mwali ukigonga kitu unarudi, kifaa kinapima muda uliotumika na kukuandikia yadi. Dukani kilifanya kazi barabara, na boksi lake lilijisifu kwamba kinapima yadi 800!

Jioni moja katikati ya Novemba, mvua nyembamba ilikuwa imeninyeshea tangu adhuhuri. Huku mwezi huo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kulungu hupenda kutoka giza likianza kuingia. Akatoka dume mmoja. Nikainua kifaa: ndani ya lenzi ukungu mtupu, na tarakimu nyeusi hazisomeki kwenye mwanga ule hafifu. Nikakisia yadi 30. Nikaachia mshale.

Ulimpata chini, mguuni. Jirani yangu mzee, ambaye ndiye aliyenifundisha kuwinda, alikuja na taa tukafuata damu hadi saa sita usiku. Ikakatika kwenye kinamasi. Asubuhi tukarudi tena, hatukumwona. Jirani akapima kwa kifaa chake kutoka kwenye kiti changu hadi pale aliposimama yule mnyama: yadi 37. Hakusema kitu, na mimi sikuwa na la kusema. Niliacha upinde ndani mpaka msimu ukaisha.

Nilipoamua kununua kingine sikuuliza tena kinapima mbali kiasi gani. Namba ile kubwa ya kwenye boksi ni ya vitu vinavyorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani. Manyoya ya kulungu hayarudishi hivyo. Na mwenye upinde ana haja gani na yadi 800? Niliangalia haya:

Maji. Tafuta alama ya IPX7, maana yake kifaa kinastahimili kuzama kwenye maji ya mita moja kwa dakika 30. IPX4 ni ya kurushiwa matone tu. Vilivyo bora vimejazwa gesi ya naitrojeni ndani na kuzibwa kwa mpira, ili lenzi isishike ukungu kwa ndani.

Kioo. Tarakimu nyekundu zinazojiwakia zinaonekana magharibi. Nyeusi zinapotea.

Baridi. Changu kinatumia betri ya lithiamu, ambayo huvumilia baridi kuliko betri za kawaida. Nilikiweka kwenye friza usiku kucha, mke wangu akadhani nimerukwa na akili. Asubuhi kikawaka. Hata hivyo natembea na betri ya akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mteremko. Ukiwa juu ya mti au kilimani, mshale unaufuata umbali wa chini, wa mlalo, si ule wa jicho. Ukitazama mnyama wa yadi 30 kwa pembe ya nyuzi 30 kwenda chini, piga kama yuko yadi 26. Kifaa kizuri kinakufanyia hesabu hiyo.

Mwisho, umbo. Kiwe na ngozi ya mpira, kitufe kinachobonyezeka ukiwa umevaa glavu, na kamba ya kukifunga kifuani. Changu kimeshaanguka mara mbili kutoka mtini na bado kinapima.

Kililipiwa dola 250. Mbuzi wako ni kweli, mjomba.

Lakini nakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia kwamba babu, kabla serikali ya Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, alikuwa akinyata mpaka asikie mnyama akitafuna. Hakuhitaji leza kwa sababu hakupiga kwa mbali. Mimi sina miguu yake wala macho yake. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: sipigi nisichokipima, na sipigi zaidi ya yadi 30.

Jumamosi iliyopita alitoka dume mkubwa kuliko yule. Nikapima. Tarakimu nyekundu zikasema 34. Nikakaa na upinde magotini nikimtazama mpaka akaingia vichakani, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Nilipomsimulia mjomba kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu yako naye alirudi mikono mitupu siku nyingi, ila hizo hatukuwasimulia."

Nisalimieni wote nyumbani. Mvua zikinyesha vizuri huko, niandikieni.