Kabla ya Kununua Rejeta ya Alumini

Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kusoma juu ya mapishi, malezi ya watoto na matumizi mema ya mshahara. Leo naomba nafasi nizungumze juu ya rejeta ya gari. Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya wanaume wa gereji. Gari likiwa mali ya nyumba, ugonjwa wake hulipwa kutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga na kulipa karo. Kwa hiyo anayeushika mfuko huo, awe mume au mke, anapaswa kukifahamu kitu anachokilipia.

Mimi nililitumikia jeshi la polisi hapa Uganda kwa miaka mingi nikiwa mtunza bohari ya vipuri, hata nikastaafu. Marehemu mume wangu, ambaye naye alikuwa polisi, aliniachia nyumba na gari moja la spoti aina ya Datsun 240Z, la mwaka 1972. Vijana huliona kama kitu cha ajabu, lakini wazee wanalikumbuka vizuri. Gari la namna hiyo ndilo lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann. Likashinda tena mwaka 1973, safari hiyo likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Mwili wa injini hiyo ni wa chuma, bali kichwa chake ni cha alumini. Naomba msomaji alishike neno hilo la mwisho, maana ndilo lililoniondolea usingizi.

Kichwa cha alumini kikipata joto la kupita kiasi hupinda. Kikishapinda, gasketi haishiki tena, maji huingia mahali pa mafuta, na injini huwa imekwisha. Watu wawili walikwisha kuja kuliulizia gari letu, na bei waliyoitaja ingetosha kununua kiwanja. Ndiyo kusema gari lile ni akiba ya nyumba yangu, na akiba yote imekaa juu ya kichwa kimoja cha alumini. Tena binti yetu alikuwa ameposwa na kijana wa Kapchorwa, naye aliomba jambo moja tu: siku ya harusi apelekwe ukweni katika gari la baba yake. Kutoka Kampala kwenda Kapchorwa ni kupita Jinja mpaka Mbale, kisha kuupanda Mlima Elgon. Nasi tulikuwa tumeona kwamba mshale wa joto hupanda kila gari linapokwea kilima kirefu.

Hapo nyumba ikagawanyika. Mwanangu, ambaye ni sajini katika kikosi cha uchukuzi jeshini, alisema, "Mama, dawa ni moja tu. Nunua rejeta ya alumini. Hii ya shaba imepitwa na wakati." Shemeji yangu hakukubali. Alisema, "Shemeji, rejeta hii imelitumikia gari miaka hamsini. Ipeleke Katwe itiwe lehemu, nawe uendelee na mabati yako." Mabati aliyoyataja yalikuwa ya vyumba viwili vya kupangisha ninavyovijenga nyuma ya nyumba. Fedha zilizokuwapo zilikuwa hizo hizo. Zikienda kwenye rejeta, vyumba vingebaki wazi mpaka mvua zipite. Niliwaambia wote wawili kwamba sitanunua wala sitatengeneza kitu kabla ya kujua ugonjwa uko wapi.

Iko kanuni moja inayosaidia sana. Gari likichemka linaposimama au linapokwenda polepole, na likapoa linapokimbia, mshuku kwanza feni, kwa maana upepo haupiti. Gari likitulia katika mwendo mdogo lakini likachemka linapokimbia au linapopanda mlima, mshuku maji: ama rejeta imeziba, ama pampu imechoka, ama mpira wa chini unajikunja kwa kunyonywa. Letu lilikuwa la namna hii ya pili.

Tuliifungua themostati tukaichemshia jikoni kwangu, ndani ya sufuria, pamoja na kipimajoto. Imeandikwa nyuzi 82 za Sentigredi, nayo ilianza kufunguka karibu na hapo. Haikuwa na kosa. Feni ilikuwa nzima. Pampu haikuvuja wala haikulegea. Mpira wa chini ulikuwa umelainika, tukaubadilisha. Bado joto likapanda. Ndipo fundi alipoishusha rejeta, akaliyeyusha tangi la juu kwa moto, akatuonyesha ndani. Zaidi ya theluthi moja ya mirija ilikuwa imezibwa na chokaa ya maji, na miisho ya mirija mingine ilikuwa imeliwa ikawa myembamba kama ganda la kitunguu. Shemeji alitazama asiseme neno. Lehemu haishiki mahali ambapo shaba imekwisha kuliwa.

Basi njia zilibaki mbili: kutia kifua kipya cha shaba kati ya matangi ya zamani, au kununua rejeta nzima ya alumini. Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wengi hulisema kinyume. Husemwa kwamba alumini hupoza zaidi kwa sababu hupitisha joto kuliko shaba. Sivyo. Kwa kipimo cha wataalamu, shaba nyekundu hupitisha joto kwa kiasi cha 400, na alumini kiasi cha 237 tu. Lakini rejeta ya zamani si shaba nyekundu tupu. Mirija yake ni ya shaba ya manjano, ambayo hupitisha kiasi cha 120 hivi, na kati ya mirija na vile vibamba vyembamba vya kupozea imo lehemu, ambayo haipitishi joto vizuri. Isitoshe, mirija ya shaba ya manjano haina budi kuwa myembamba kwa upana, isije ikavimba kwa nguvu ya maji. Mrija wa alumini waweza kuwa na upana wa milimita 25 bila kuvimba. Kwa hiyo safu mbili za mirija mipana ya alumini hugusana na vibamba sawasawa na safu nne nyembamba za shaba, na upepo hupita kwa urahisi zaidi. Faida haitoki katika madini peke yake. Hutoka katika namna yalivyoundwa. Alumini ni nyepesi pia: kwa ujazo ule ule, uzito wake haufiki hata theluthi ya uzito wa shaba.

Lakini alumini nayo ina masharti yake. Lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na fundi yeyote mwenye moto na mkono mtulivu aweza kuziba rejeta ya shaba kando ya barabara. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, nayo imefunikwa na utando wake mwenyewe usioyeyuka mpaka zipite nyuzi 2,000. Kuichomelea kunataka mtambo wa umeme wenye gesi ya agoni, na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Mtambo kama huo haupatikani katika kila kituo cha njiani. Tena alumini haivumilii desturi yetu ya kujaza maji ya kisima au ya bomba kutoka katika debe. Maji matupu huila kutoka ndani. Inataka maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kupozea yenye kinga ya kutu, na dawa hiyo kubadilishwa kwa wakati ulioandikwa juu ya chupa, hata kama gari halikusafiri.

Kilichoamua shauri ni kipimo. Kifua cha shaba chenye vipimo vya gari letu hakikupatikana. Kilichokuwapo kilikuwa cha gari jingine, na kingetaka matangi yakatwe. Gharama yake ilikaribia theluthi mbili za rejeta mpya, na matangi ya asili yangeharibiwa. Nikakubali alumini. Lakini kukubali alumini si kukubali kila alumini inayong'aa.

Nilichukua katoni ya sukari nikakata umbo la rejeta ya zamani, nikatoboa matundu manne ya bolti mahali pake, nikachora midomo ya mipira na unene wote wa kifua. Kwa katoni hiyo nilizipima rejeta tatu. Ya kwanza ilikuwa na safu tatu, imesuguliwa ikawa kama kioo, na mwanangu aliipenda. Unene wake ungefikia pangaboi la feni, na vibamba vyake vilikuwa vimebanana mno. Katika barabara za vumbi na tope vingeziba upesi, na upepo usingepita. Ya pili ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote. Niliikwaruza kwa ukucha pale mirija inapoingia katika bamba la tangi, nikakuta imeshikwa kwa gundi. Muuzaji alisema gundi hiyo ni ya kisasa. Nilimjibu, "Mwanangu, mlima haujui usasa," nikairudisha.

Ya tatu haikung'aa. Ilikuwa na safu mbili za mirija mipana, kifua chake kimeunganishwa kwa moto wa tanuri, tangi moja juu na moja chini kama ya asili, koki ya kumwagia maji upande wa chini, na matundu yake manne yaliingiana na katoni yangu. Ilikuwa ghali kuliko ya pili na rahisi kuliko ya kwanza. Nililipa, na vyumba vikabaki bila mabati.

Kuifunga nako kulitaka uangalifu. Tuliweka vipande vya mpira kati ya rejeta na fremu, kwa maana gari linapopinda katika mashimo, rejeta ya alumini iliyokazwa chuma kwa chuma hupasuka kwenye maungio. Ule mfuniko wa bati unaoizunguka feni tuliurudisha mahali pake. Watu wengi huutupa, kisha hushangaa kwa nini gari linachemka katika msongamano. Kifuniko cha rejeta tulinunua cha kilo 0.9, kama ilivyoandikwa na waundaji wa gari. Kifuniko si kitu kidogo. Kapchorwa iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke mpaka zipite karibu nyuzi 20 zaidi. Kilichochoka huyaachia yakachemka mapema, na rejeta ikalaumiwa bure.

Mwisho mwanangu alileta kipimo cha umeme. Waya mmoja aliugusisha kwenye ncha hasi ya betri, na wa pili akautumbukiza katika maji ya rejeta bila kugusa chuma, injini ikinguruma na taa zikiwaka. Kipimo kikizidi volti 0.3, umeme unapita ndani ya maji, na rejeta mpya huweza kutobolewa katika muda mfupi. Letu lilionyesha 0.4. Tulisafisha waya wa ardhi kati ya injini na bodi, uliokuwa na kutu, kipimo kikashuka chini ya 0.1. Shemeji alisema, "Kumbe sajini anajua kazi." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya amani kati yao tangu shauri hili lianze.

Wiki mbili kabla ya harusi, wao wawili waliliendesha gari mpaka Kapchorwa na kurudi, bila bibi arusi. Mshale ulipanda kidogo katika kona za mlimani, ukakaa hapo, usiende zaidi. Siku yenyewe nilikaa nyuma ya usukani mimi mwenyewe, kwa kuwa gari hilo lina viti viwili tu, na binti yangu alitaka kiti cha pili kiwe chake. Tulipofika, wakwe walilisifu gari. Hakuna aliyefungua boneti kuitazama rejeta, nami nilifurahi, kwani rejeta njema ni ile isiyozungumzwa.

Rejeta ya zamani sikuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimeifunga katika gunia na kuiweka bohari, kwa sababu anayelithamini gari la kale huuliza vitu vyake vya asili, na siku moja kifua chake huenda kikapatikana. Mabati yalisubiri miezi minne, yakanunuliwa.

Basi ndugu wasomaji, familia za askari na wote mlio na gari kuukuu uani, nawaachia maneno haya. Tafuteni ugonjwa kabla ya kununua dawa. Pimeni kwa katoni kabla ya kupima kwa macho. Tazameni maungio, msitazame mng'ao. Tena mkichagua alumini, wekeni akiba ya dawa ya kupozea na maji yaliyotoneshwa ndani ya gari, na waambieni watoto wazi kwamba debe la maji ya kisima ni la kuoshea vioo tu.