Barua kutoka Toronto: Muulizeni kabla ya kumpima

Ndugu zangu wa nyumbani,

Jumapili shangazi alinipigia video. Hata salamu hazijaisha: "Mbona umekonda hivyo, huko hamli?" Ndiyo mapenzi yetu hayo, kumpima mtu kwa jicho. Nilicheka sana. Jumanne, kazini, nikayakumbuka maneno yake na sikucheka tena.

Mimi ni mtaalamu wa lishe katika kliniki moja hapa. Siku hiyo aliingia kijana transjenda wa miaka 28. Alizaliwa na mwili wa kike, na huu ni mwaka wa tatu anachoma sindano za testosteroni. Ndevu zimejaa kidevuni. Alipanda mizani akiwa ameipa namba mgongo, nami sikuisoma kwa sauti. Wapo wenzake waliowahi kujinyima chakula ili hedhi ikatike au nyonga zipungue, na namba moja tu yaweza kuwarudisha huko.

Kilo 62, sentimita 165. Kanuni tunayotumia, ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, inadai jinsia. Andika KE, mwili wake ukipumzika tu unahitaji kalori 1,350 kwa siku. Andika ME, zinakuwa 1,516. Mtu ni yuleyule! Kwenye kisanduku cha jinsia kompyuta yetu ilikuwa na KE, ikampangia miligramu 18 za madini ya chuma, kipimo cha mwanamke anayepata hedhi. Yeye hedhi ilishakatika, na testosteroni yenyewe huongeza chembe nyekundu za damu. Miligramu 8 za mwanamume zinamtosha. Ningekitii kile kisanduku, ningempa vidonge asivyovihitaji.

Hapa angalau tumeanza kuuliza. Kwetu bado tunatazama. Mtu kama huyu akifika zahanati, jina la kwenye kadi linaitwa kwa sauti, benchi zima linageuka, na mahubiri yanaanza kabla ya kipimo. Anaondoka, harudi. Kisha tunasema hawa hawajali afya zao. Jamani, mgonjwa tumemfukuza wenyewe!

Maafisa lishe wenzangu, muulizeni anapenda aitwe nani, anatumia homoni gani, tangu lini, hedhi ipo au imekatika. Pigeni hesabu zote mbili, ya ME na ya KE. Aliyeanza homoni juzi mwanzieni katikati, kisha mfuatilieni. Mwanamke transjenda anayemeza dawa ya spironolaktoni, ambayo huweza kupandisha potasiamu, apimwe potasiamu kwenye damu kabla hamjamsifia madafu na ndizi kila siku, na chumvi mbadala zenye potasiamu aziache. Aliyeondolewa korodani au ovari na hatumii homoni yoyote, ilindeni mifupa yake kwa vitamini D na kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wana kalsiamu tele.

Na kabla ya swali la kwanza, fungeni mlango wa chumba.