Nilimwambia binti yangu mapambo yatakuwa rahisi

Mzazi mwenzangu, nianze na kosa langu.

Mwezi wa sita mwaka jana, siku wakwe zetu walipomaliza kutoa mahari, binti yangu alinionyesha picha kwenye simu yake. Ukumbi umefunikwa vitambaa vyeupe na vya dhahabu, maua ya mezani yamepita vichwa vya wageni, taa zinaning'inia kama mvua. "Mama, sendofu yangu naitaka hivi," akasema. Nami kwa furaha ya siku ile nikamjibu, "Utapata, mwanangu."

Sikuuliza bei.

Sisi tunaishi Litapunga, Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Ukumbi wetu ni kivuli cha mwembe pamoja na turubai la kukodi. Mpambaji kutoka Mpanda mjini alinitajia shilingi 1,200,000, na usafiri wa vitu vyake juu yetu. Kamati ya harusi ilikuwa imekusanya michango, lakini ile ilitosha chakula, viti na muziki tu. Fedha za karanga zilikuwa zimekwenda kwenye ada za wadogo zake.

Mume wangu hakugomba. Alinishika mkono akanipeleka stoo, tukahesabu magunia ya mahindi. Yalikuwa 24. Bei ya wakati ule huku kwetu ilikuwa shilingi 60,000 kwa gunia. "Tukimlipa mpambaji, yanaondoka 20," akasema. "Yanabaki manne, na nyumba hii ina watu wanane. Mwezi wa kwanza tutakula vitambaa?"

Anayeishi kwa jembe anaujua mwezi wa kwanza. Mvua inanyesha, shamba ni la kijani, na stoo inatoa mwangwi. Sikuwa na jibu.

Jioni ile, tukichambua maharage, nilimwambia binti yangu. Nilimwambia vibaya. Nilisema, "Mapambo tutatengeneza wenyewe, ni rahisi tu."

Unajua neno hilo lina maana mbili. Mimi nilimaanisha si kazi ngumu. Yeye alisikia bei ya chini. Aliweka ungo chini akaniangalia. "Kwa hiyo mama, mimi ndiye wa rahisi?" Akaingia ndani. Kwa siku tatu alinisalimia shikamoo asubuhi, basi. Baba yake alimsikia akimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba wakwe watatoka Urambo kwa treni, wafike huku wakute vibuyu, waseme wamechukua mke porini.

Siku ya nne alikuja wifi yangu kutoka Mtapenda. Nilimweleza yote, nikitegemea atamkanya mtoto. Kumbe wa kukanywa nilikuwa mimi. "Wifi," akasema, "umemnyang'anya mtoto sherehe yake, ukamwachia kazi. Mrudishie sherehe. Yeye aamue kila kitu kitakavyokuwa, nyinyi muwe mikono yake."

Ndipo nilipokumbuka harusi yangu mwenyewe, mwaka 1996, wakati Mpanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mapambo yalikuwa migomba miwili mlangoni na maua ya karatasi. Sikumbuki kama yalikuwa mazuri. Nawakumbuka wanawake walioyakata, walivyokaa kwetu siku tatu wakiimba na kunitania. Binti yangu nilitaka kumpa maua bila wale wanawake, kisha nikataka kumpa kazi bila sauti.

Kesho yake nilinunua daftari la shilingi 1,000 nikampa. Nikamwambia, "Nilikuahidi nisichokuwa nacho. Nisamehe. Lakini macho ya kujua kipi kinapendeza unayo wewe, si mpambaji. Andika unachotaka, tuone kipi tunaweza." Alilichukua bila kusema neno. Usiku niliona taa chumbani kwake mpaka saa tano.

Asubuhi alitoka na sheria. Rangi ni tatu tu: nyekundu ya udongo, manjano ya asali na rangi ya asili ya ukindu na mianzi. Kisichokuwa na rangi hizo hakiingii. Maua yangu ya plastiki ya kabatini, niliyoyatunza miaka mingi, yalikuwa ya kwanza kukataliwa. Niliumia kidogo, lakini sheria ni sheria.

Nyuma ya meza kuu hakutaka kitambaa, alitaka nyungo. Tulisimamisha fremu ya miti, tukafunga kamba, tukatundika nyungo 17, kubwa na ndogo, zikigusana. Nane tuliazima kwa majirani, tisa walisuka wazee wawili wa kijijini kwa bei ya kawaida. Chache alizipaka duara la udongo mwekundu katikati. Ungo ambao nimeupepetea maisha yangu yote sikuwahi kuutazama kama pambo. Zilipokaa pamoja ukutani, hata mume wangu alisimama akaziangalia.

Badala ya maua marefu, kwenye meza kuu viliwekwa vikapu sita vyenye vifuniko vya ncha. Hivyo alivifuma jirani yangu, ambaye wazazi wake waliingia nchini mwaka 1972 wakikimbia mauaji ya Burundi, kama familia nyingi za makazi ya Katumba zilizokuja kupewa uraia wa Tanzania. Tulipotaka kumlipa alikataa. Alisema kwao kikapu cha namna hiyo hubeba zawadi za harusi, hivyo hawezi kumuuzia bibi harusi. Tulikubaliana tumpe gunia la mkaa na sukari kilo tano, navyo alivipokea kwa kunung'unika.

Fundi cherehani alitupa mfuko mzima wa mabaki ya vitenge. Binti alichagua vya rangi zake, wadogo zake wakakata pembe tatu zenye upana wa kiganja, wifi akazishona kwenye kamba. Ilipatikana kamba ya kama mita 40 ya vibendera, ikazunguka turubai lote. Ukitaka kufanya hivi, kunja ukingo wa juu juu ya kamba ndipo ushone. Ukishona kitambaa kando ya kamba, upepo wa kiangazi utakichana kabla wageni hawajaketi.

Maua tuliyatengeneza kwa maganda ya mahindi. Loweka ganda katika maji ya vuguvugu mpaka lilainike. Lichovye kwenye rangi ya unga, ile ya wafuma mikeka, lianike kivulini. Kabla halijakauka kabisa, lipasue vipande vya upana wa vidole viwili, kunja kila kipande kiwe petali, zifunge tano au sita kwa uzi kwenye kijiti. Ua moja lilituchukua karibu dakika kumi. Tulihitaji 120.

Hapo ndipo niliposema moyoni kwamba neno rahisi nisilitamke tena. Wiki mbili kabla ya sendofu tulikuwa na maua 80, tumeyaanika kwenye kichanja cha vyombo. Tulikwenda kanisani, tukarudi tukakuta mbuzi wa nyumbani wamesimama kwa miguu miwili wakimalizia. Yalibaki 19. Nilidhani binti atalia. Alikaa chini akacheka mpaka akashika tumbo, nami nikacheka, na huo ndio ulikuwa mwisho wa ukimya kati yetu. Jioni wanawake tisa wa jumuiya walikuja na maganda yao. Tukakaa barazani na taa ya sola tukikunja petali, wakimfundisha mambo ya ndoa ambayo mimi mama yake nisingeweza kuyasema mbele yake.

Wageni walihitaji kitu cha kuondoka nacho. Tulikaanga karanga, tukazifunga kwenye karatasi za kahawia kwa utepe mwekundu. Kwa wakwe tuliweka asali ya miombo katika vichupa vya kioo, maana huku asali ndiyo heshima yetu. Keki aliipika wifi kwenye sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa juu na chini. Ya kwanza iliungua, tukainywea chai. Ya pili ilitoka vizuri, akaipamba kwa maua matatu ya maganda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa. Wakati huo miombo inachipua kabla ya mvua, na majani yake machanga ni mekundu kama shaba. Binti alikuwa ameandika kwenye daftari: matawi ya miombo mlangoni. Vijana wakakata machache shambani kwetu alfajiri, wakayafunga pande mbili za njia. Kufika saa sita yalikuwa yamenyauka, yamening'inia kama matambara. Tungeyaweka kwenye ndoo za maji kivulini na kuyafunga dakika ya mwisho, yangedumu. Tuliyang'oa haraka, tukasimamisha mitungi miwili. Hakuna mgeni aliyejua kilichokosekana.

Wakwe walipoingia, nilikuwa naangalia uso wa mama mkwe wake tu. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyungo, akazigusa moja moja, akageuka. "Nani kafanya haya?" Kabla sijafungua mdomo, binti yangu, ambaye kwa desturi siku hiyo husema kidogo, akajibu. Akaanza kuwataja: huu kausuka babu fulani, huu ni wa jirani wa kule, kikapu hiki ni cha mama yule pale, maua yale wamekunja mama zangu tisa. Watu aliowataja walikaa sawasawa kwenye viti vyao.

Ulipofika wakati wa kuwashukuru wazazi, alichukua kipaza sauti. "Mama aliniambia mapambo yatakuwa rahisi," akasema, akanyamaza kidogo. "Mama, hayakuwa rahisi." Turubai zima likacheka. Mimi nililia, na wifi akanipa kanga yake nijifute.

Nikueleze na gharama, maana najua ndizo unazosubiri. Tulitumia shilingi 290,000. Karibu nusu ilikwenda kwenye chai, sukari, mchele na mboga za watu waliokuja kutusaidia. Mtu anayekukunjia petali mpaka usiku lazima ale, na jambo hili wengi hulisahau wanapopanga kazi ya mikono. Ongeza wiki saba za jioni zetu. Kama huna muda huo, au huna watu wa kuja, mlipe mpambaji kwa kiasi unachomudu wala usione haya. Yeye naye anaishi kwa kazi ya mikono yake.

Kitu kimoja sikukitegemea. Jumapili, tulipofungua turubai, hapakuwa na cha kutupa ila majani ya miombo. Nyungo nane zilirudi kwa wenyewe. Zile tisa na vikapu sita vilipanda treni na binti yangu kwenda Urambo kuanza naye nyumba, naye aligawa nyungo tano kwa mawifi zake. Vibendera viliazimwa kwa kipaimara cha mtoto wa jirani, na hadi leo vinazunguka kijijini. Maua ya maganda niliwapa mbuzi, maana walikuwa wameyasubiri. Vitambaa vya mjini vingerudi mjini jioni ile ile.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu mwenye harusi mwaka huu, nakuomba mambo matatu. Uliza bei kabla ya kuahidi. Ukishindwa ahadi, omba msamaha kwa mtoto wako waziwazi, usimfungie ufukara kwenye maneno matamu. Na ukiamua kutengeneza nyumbani, mwachie yeye kuchagua, hata akikataa maua yako ya plastiki. Kazi ya mikono ambayo bibi harusi hakuichagua ataiona kama adhabu, hata iwe nzuri namna gani.

Mwezi wa kwanza ulifika na mvua zake. Stoo ilikuwa na magunia tisa. Siku moja tukiwa tunasonga ugali, simu ililia, ikaingia picha kutoka Urambo: ungo wenye duara jekundu katikati, umejaa mchele nusu umepepetwa, na mkono wake pembeni. Hakuandika neno lolote chini yake. Nilimwonyesha baba yake, akaiangalia muda mrefu, kisha akaniambia nigeuze ugali usiungue.