Ulianguka kwa Ubavu Gani?

Ijumaa iliyopita jioni mpwa wangu alinijia na fomu mkononi. Kesho yake alikuwa anakwenda kwenye majaribio ya kundi moja la waigizaji wanaozunguka shuleni na tamthilia zinazotahiniwa. Jina kaandika, umri kaandika. Penye uzoefu kaandika neno moja tu: "Hakuna."

Nilicheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu ndani yake. Mimi nilipokuwa rika lake nilikosea kinyume chake.

Ilikuwa mwaka wa 2009. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi sina. Mama, ambaye alikuwa akiuza mboga, alifungua fundo la leso akanipa nauli, nami nikapanda matatu hadi mjini, kwenye Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, ule uliofunguliwa mwaka wa 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk. Kundi lililotuita lilikuwa likiandaa Kifo Kisimani yake Kithaka wa Mberia, ambayo wanafunzi walikuwa wakiisoma wakati huo.

Mwelekezi aliniuliza nimewahi kuigiza nini. Nikatunisha kifua: "Niliigiza Mwelusi mwenyewe, shuleni kwetu."

Uongo mtupu. Niliisoma tu darasani.

Hakunibishia. Aliuliza kwa upole, "Gege alipokuchoma kisu, ulianguka kwa ubavu gani?"

Nikasema wa kulia. Halafu, sijui kwa nini, nikasema wa kushoto. Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Nilitoka nje nikiwaza nitamwambia nini mama.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua nikiwa ndani ya matatu. Jambo la kweli la kusema nilikuwa nalo! Nikiwa kidato cha pili niliigiza bawabu katika tamasha la drama, ngazi ya wilaya. Nilikuwa na sentensi mbili tu. Lakini siku hiyo mwenzangu aliyekuwa tajiri alisahau maneno, akasimama kimya kama mlingoti. Nikamsogelea, nikampigia saluti na kumwambia, "Mzee, hukuniambia mgeni anafika saa ngapi." Akakumbuka, mchezo ukaendelea. Hata waamuzi hawakung'amua. Kama ningemsimulia mwelekezi kisa hicho, angeniuliza lolote nami ningekuwa na jibu.

Miezi michache baadaye nilikisimulia kwa kundi jingine. Wakanipa sehemu ya askari. (Sikudumu huko, kalamu ilinivuta. Hayo ni ya siku nyingine.)

Basi nikamwuliza mpwa wangu, "Ile Krismasi kanisani uliigiza nani?"

"Mke wa mwenye nyumba ya wageni, mjomba. Lakini hiyo si kitu."

"Na yule mtoto aliyekuwa Yusufu alipoanza kulia mbele ya watu, ulifanya nini?"

Akatabasamu. "Nilimshika mkono, nikamwambia, 'Pole, umetoka safari ndefu.' Nikampeleka zizini."

"Hilo ndilo uandike."

Akalifuta lile "Hakuna". Kalamu ikasita. "Na wakiniuliza kama nimewahi kuigiza kwenye televisheni?"

"Waambie bado."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Halafu unyamaze, uwatazame."

Akaandika mistari minne, akaikunja fomu, akaniomba nauli.