Kurekebisha kosa bila kumharibia mwenzio

Nimekuwa kimya kidogo, si unajua tena, majaribio na kazi za vikundi vimetubana kweli kweli. Mimi nachukua ualimu wa hisabati na kompyuta, na leo kuna kitu cha upande wa kompyuta kimenikaa kichwani, acha nikimwage hapa.

Ni kuhusu maktaba. Hapana, sio ile tunayogombania viti kipindi cha UE! Naongelea maktaba za programu: mkusanyiko wa vipande vya kazi vilivyokwisha andikwa, programu nyingine zinaviazima badala ya kila moja kuanza upya. Kwenye Linux ipo moja inaitwa glibc, na karibu kila programu inaiegemea.

Shida ni kwamba programu ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine haiulizi tena maswali. Imekariri: "nenda baiti ya 8, chukua umri." Ukiingia kwenye maktaba ukachomeka kitu kipya katikati, umri unasogea hadi baiti ya 16, na ile programu ya zamani itachukua chochote kilichopo pale pa 8 bila hata kushtuka. Ni kama ticha aseme "fanyeni swali la 4 ukurasa wa 37" wakati nusu ya darasa wana toleo la zamani la kitabu. Kila mtu atafanya swali, lakini sio lile!

Kisa chenyewe ni cha 2010. Ndani ya glibc kuna kazi ya kunakili data, memcpy. Sheria ilishasema tangu zamani: usiitumie pale unakotoa na unakopeleka panapoingiliana, kwa hiyo tumia memmove. Ila watu walikuwa wanaikiuka na mambo yanaenda, kwa sababu ilikuwa inanakili kutoka mwanzo kwenda mwisho. Wataalamu wakaiboresha iwe na kasi zaidi, ikawa wakati mwingine inaanzia mwisho. Watumiaji wa Fedora 14 wakashangaa sauti ya Flash inakwaruza. Nani mwenye kosa? Kwa sheria, Flash. Lakini Linus Torvalds mwenyewe aliingia kwenye ubishi akiwatetea watumiaji: mtu wa kawaida anachojua ni kwamba jana ilifanya kazi na leo haifanyi.

Suluhisho la mwaka 2011, kwenye glibc 2.14, ndilo lililonikuna. Waliweka memcpy mbili zenye matoleo tofauti. Programu iliyojengwa zamani inapewa ya zamani, isiyosumbuka na kuingiliana. Inayojengwa leo inapewa mpya. Hakuna aliyefukuzwa, na kosa halikurithishwa kwa wanaokuja.

Njia hiyo bado inatumika. Saa ya programu nyingi za biti 32 itafika mwisho tarehe 19 Januari 2038. Tangu toleo la 2.34 la mwaka 2021, glibc inamruhusu anayejenga programu upya kwenye mashine hizo kuchagua saa ya biti 64, na ile ya zamani imeachwa palepale kwa waliokwisha kuizoea.

Sasa mnisikilize walimu wenzangu watarajiwa. Nilipokuwa BTP nilipewa kidato cha pili, vijana wamekariri "hasi na hasi ni chanya". Kwenye kuzidisha wanapata zote. Ukiwapa −3 − 4 wanakuandikia 7 huku wanatabasamu! Ningesimama mbele niseme "mlichofundishwa ni uongo", na zile za kuzidisha wangeanza kuzikosa, tena wakiwa na mtihani wa taifa mwaka huohuo. Basi kanuni yao nikaiacha, nikaipa jina: kanuni ya kuzidisha. Kisha nikaleta mstari wa namba kwa ajili ya kujumlisha na kutoa. Wiki ya kwanza walichanganya, ya pili wakaanza kuulizana wenyewe, "hapa ni ya kuzidisha au ya mstari?"

Mwanafunzi amejenga mengi juu ya alichofundishwa kwanza, hata kama kina kasoro. Ukiking'oa ghafla, anayeanguka ni yeye, sio aliyekosea.

Haya jamani, foleni ya msosi inazidi kurefuka, ngoja niwahi. Tuonane wiki ijayo bumu likitoka!