Propela Inayojilaza

Wazee wa Kilifi wananijua kwa mbao na kalafati, kazi niliyorithi kwa baba. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni kufungua propela za yoti zinazoingia hori yetu kupumzika kabla ya kwenda Pemba, Shelisheli au Madagaska. Hasa zile zinazolaza mapanga yake chombo kinapokwenda kwa tanga.

Propela ya kawaida ya mapanga matatu, injini ikizimwa, inageuka breki. Huweza kukipunguzia chombo nusu maili ya baharini katika kila saa, pengine zaidi. Anayeteremka kusini kwa kaskazi nyepesi, mkondo wa pwani ukimrudisha nyuma, kwa nusu maili hiyo ataingia Tanga mchana au atapapasa miamba usiku. Nasikitika sana ninapomwona mtu amenunua propela ya kujilaza kwa fedha nyingi, kisha akaiacha ikakwama kwa kukosa grisi.

Ndani ya kitovu chake mna gia za pembe. Shafti inaweza kuzunguka kidogo kabla ya kukikokota kitovu, na mzunguko huo mdogo ndio unaoyageuza mapanga yote kwa pamoja. Ukitia gia ya mbele, yanafunguka mpaka kwenye kizuizi chake. Ukitia ya nyuma, yanapinduka upande wa pili, makali yaleyale yakitangulia kukata maji. Ndiyo maana chombo hurudi nyuma kwa nguvu nzuri. Injini ikizimika na shafti ikatulia, maji yenyewe huyalaza.

Shafti kutulia ndiyo sharti, na hapo ndipo manahodha wengi huhitaji kuelekezwa. Punguza mwendo, kisha zima injini gia ya mbele ikiwa bado imeshika. Ukiona shafti bado inazunguka, tia gia ya nyuma ili ikamatwe. Anayezima injini gia ikiwa huru anaweza kusafiri mpaka Zanzibar propela ikizunguka bure na kula beringi.

Kufungua propela, huku kwetu hatungojei winchi ya kupandisha chombo. Bamvua likifika, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, basi yoti tunaiegemeza kwenye nguzo maji yakiwa juu, nayo hubaki mchangani yanapokupwa. Tunapata muda wa saa tatu hivi za kazi. Ndani ya muda huo propela inatakiwa ifunguliwe, isafishwe, ijazwe grisi na kufungwa tena, kwa sababu bahari haimsubiri fundi.

Kuna yoti moja iliyofika ikitetemeka hata vikombe vikigongana kabatini. Mwenyewe aliambiwa huko alikotoka kwamba shafti imepinda, akajiandaa kununua mpya. Maji yalipokauka nililaza kiganja kwenye kila panga, nikayageuza polepole. Yalifika kizuizini kwa pamoja, lakini mawili yakiwa na pembe moja na la tatu likiwa limebaki nyuma. Mpwa wangu alikuwa ameshashika nyundo.

"Mjomba, nililegeze?"

"Weka chini, mwanangu. Hili halijakwama, limepangwa vibaya."

Tulifungua kitovu. Kila panga lilikuwa na alama yake iliyochongwa shinani, na kitovu kina alama ya kulipokea. Aliyelifunga lile la tatu mara ya mwisho alilitia jino moja pembeni kwenye gia ya kati. Jino moja tu, na panga likawa linakata maji kwa pembe tofauti na wenzake. Shafti ilikuwa imenyooka kabisa. Tukafuta grisi kuukuu iliyogeuka kijivu kwa maji ya chumvi, tukakwangua kwa kijiti cha mbao magamba yaliyoota kwenye mashina, kwa maana chuma huchuna shaba. Kabla ya kurudisha kitu chochote nikampa mpwa wangu penseli achore alama zote kwenye karatasi. Kisha grisi nzito isiyoyeyuka majini, na zinki mpya puani mwa propela, kwani ya zamani ilikuwa imeliwa zaidi ya nusu. Katika maji yetu ya moto zinki huisha upesi, na ikiisha, chumvi huanza kuila propela yenyewe. Shaba ikigeuka rangi ya waridi, ujue zinki iliyomo inachujika na nguvu yake inapotea.

Maji yaliporudi tulijaribu mbele, nyuma, tena mbele. Vikombe vilitulia. Injini, ambayo mwenyewe aliilalamikia kuwa nzito, ilipanda mpaka kasi yake kamili, basi sikuigusa pembe ya mapanga; ingegoma kufika, ningeipunguza nyuzi mbili na kujaribu tena bamvua linalofuata. Karatasi ya alama tuliifunga ndani ya plastiki, tukaibandika kwenye mlango wa chumba cha injini, ili fundi wa bandari ijayo aikute kabla hajashika spana.